Siyo maneno ya mkopo yaliyokiangusha Kiainu

Ndugu wasomaji, habari za saa hizi. Tangu tubandike lile bango letu la Kiainu (lugha ya Waainu, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Japani) kwa ajili ya Muongo wa Kimataifa wa Lugha za Asili (ule wa UNESCO, ulianza 2022 unaisha 2032) meseji zimeingia kuliko tulivyotegemea, na tunashukuru, maana bango la kabla ya hapo halikupata hata komenti moja. Ila meseji zenyewe sasa! Karibu zote zinarudia mambo matatu. Kwamba Kiainu ni lahaja ya Kijapani. Kwamba Kiainu kimefika kilipofika kwa sababu kilijaza maneno ya Kijapani, na sisi wa Kiswahili tujiangalie. Na la tatu, ambalo ndilo limenikalisha chini niandike, kwamba Kiainu na Kiswahili ni ndugu kabisa kwa sababu nne kwao ni ine.

Kabla sijaendelea, ofisi imenielekeza niseme kwamba haya ni maelezo ya elimu tu, siyo tamko la taasisi kuhusu sera ya nchi yoyote, na hatutoi maoni kuhusu haki za ardhi wala mito wala jambo lolote lililoko mahakamani Japani. Haya, nimesema, tuendelee.

Tuanze na hiyo ine ili tuimalize. Ni kweli Waainu nne wanaita ine. Lakini hesabu yao inakwenda hivi: sine, tu, re, ine, asikne, iwan, arwan, tupesan, sinepesan, wan. Sasa wewe uliyeiona ine ukaruka juu, mbona hukuniuliza mbili yetu na tatu yetu ziko wapi humo ndani? Ukoo wa lugha haupimwi kwa neno moja lililofanana, unapimwa kwa sauti zinazolingana kwa mpangilio, neno baada ya neno, kumi, ishirini, mia. Hesabu ya Kiainu ina utamu wake ambao hauhitaji kuchomekewa Kiswahili. Angalia nane na tisa: tupesan maana yake mbili zimepungua, sinepesan moja imepungua, yaani kutoka kwenye kumi. Halafu ishirini ni hot, na kuanzia hapo wanahesabu kwa mafungu ya ishirini, arobaini ni tu hot, na thelathini ni wan e tu hot, arobaini kasoro kumi. Sisi kasoro tumeiweka kwenye saa tu, wao wameijenga kwenye hesabu nzima.

Kiainu mpaka leo hakijathibitishiwa ndugu. Wamejaribu kukiunganisha na Kijapani, na lugha za Siberia, na za kusini mashariki mwa Asia, kuna waliojaribu hata za Ulaya kwa sababu tu wazee wa Kiainu walikuwa na ndevu nyingi, na hakuna jaribio lililosimama. Ndevu siyo sarufi jamani.

Na hili la lahaja ya Kijapani. Mpangilio wa sentensi unafanana, kitenzi kinakaa mwisho kwenye lugha zote mbili, hapo sawa. Lakini kitenzi cha Kijapani hakibebi mtenda na mtendwa mbele yake. Cha Kiainu kinabeba. Mimi ni ku, wewe ni e, na mimi nikiwa mtendwa ni en. Kwa hiyo e-en-kore ni wewe-mimi-pa, unanipa. Msomaji wa Kiswahili hapo anaelewa bila kufafanuliwa, u-na-ni-pa, mtenda kwanza, mtendwa anafuata, halafu kitenzi. Kuanzia karne za biashara mpaka leo Kiainu na Kijapani wamekaa mlango kwa mlango, na hiki kipande cha sarufi hakikuhama kuvuka mpaka. Tafadhali lakini mtu asichukue mfano huu akaenda kuandika kwamba basi tena sisi ni ndugu. Muundo kufanana siyo ukoo, nimeshasema.

Kiainu kilisemwa Hokkaido, kisiwa kikubwa cha kaskazini mwa Japani, kusini mwa kisiwa cha Sakhalin, visiwa vya Kuril mpaka ncha ya kusini ya Kamchatka, hayo matatu leo yako Urusi, na zamani zaidi kaskazini mwa Honshu, yaani kisiwa kikubwa cha Japani chenyewe. Tunajuaje kuhusu Honshu? Majina ya mahali. Kwa Kiainu mto ni pet na kijito ni nay. Ukishika ramani ya mikoa ya Aomori, Akita na Iwate unakuta majina yanayoishia na -nai na -betsu yamejaa, ukishuka kusini yanapungua mpaka yanaisha. Wasemaji waliondoka au waligeuka Wajapani karne nyingi zilizopita, mito ikabaki na majina. Na wawindaji wa milimani wa huko Tohoku, yaani kaskazini mwa Honshu, wale wanaoitwa matagi, walikuwa na lugha yao ya porini ambayo hawakuiruhusu kijijini, na ndani yake mna wakka kwa maji na seta kwa mbwa. Hayo ni maneno ya Kiainu matupu.

Hapa kuna jambo ambalo msomaji wa Kiswahili analielewa haraka kuliko Mzungu. Kijapani hakipendi neno liishie na konsonanti, kama sisi tu tulivyochukua basi na benki tukaziba mwisho kwa irabu. Kwa hiyo pet ikawa betsu. Halafu wakaandika majina hayo kwa herufi za Kichina, wakachagua herufi kwa sauti yake bila kujali maana, na herufi waliyochagua kwa betsu maana yake ni kutengana, na ya nai ni ndani. Matokeo yake mtu anasoma Noboribetsu anaona kupanda na kutengana, wakati Waainu waliuita nupur-pet, mto wenye maji mazito yenye rangi, na ukifika pale kwenye chemchemi za moto za salfa hauulizi kwa nini. Wakkanai, mji wa kaskazini kabisa, ni yam-wakka-nay, kijito cha maji baridi. Nikiwa kwenye maandalizi ya bango nilicheka peke yangu ofisini hapo, maana Nairobi nayo ni maji baridi, kwa Kimaasai. Pande mbili za dunia watu wamekunywa maji, wamesikia baridi, wameweka jina, halafu wakaja wengine wakajenga mji juu ya jina hilo bila kujua wanasema nini. Hiyo siyo ushahidi wa undugu! Naandika kwa herufi za kawaida ila mjue nimeshikilia kalamu kwa nguvu.

Sasa mikopo. Hapa ndipo penye malalamiko mengi, na hapa ndipo natofautiana nanyi sana. Watu wanaandika kana kwamba neno la kukopa ni kutu, inaanza pembeni inakula chuma chote. Kwetu sisi tunaofanya kazi hii neno la mkopo ni kama risiti, linakuambia nani aliuza nini, kwa nani, na mara nyingine lini.

Chukua pasuy. Ni kijiti. Kijapani cha leo vijiti vya kulia ni hashi, lakini Kijapani cha kale sana kilikuwa na p pale ambapo leo pana h. Kiainu kina h yake, wanasema hot, wanasema ham kwa jani, kwa hiyo wangechukua neno hili jana au juzi wangesema na h, hakuna kilichowazuia. Wao wanasema pasuy. Maana yake walilichukua Wajapani wenyewe wakiwa bado wanatamka p, na Wajapani wakaja kuibadilisha, Waainu wakabaki na ya zamani mkononi. Vivyo hivyo futa, kifuniko, kwa Kiainu ni puta. Hakari, kupima, ni pakari. Furi, namna au tabia, ni puri. Huo mlolongo ndio tunaoutaka kwenye fomu ya marekebisho ya bango (utaratibu wake uko mwisho), siyo ine na nne. Tarehe kamili hatutoi, kwa sababu lahaja za Kijapani za kaskazini zinaweza kuwa zilichelewa kuiacha p kuliko mji mkuu, na taasisi haitaki kunukuliwa kwa karne ambayo haikuitaja.

Na pasuy huyohuyo hakubaki kwenye sahani. Iku ni kunywa, na ikupasuy ni kijiti kilichochongwa kwa ustadi ambacho mzee wa Kiainu anachovya kwenye pombe na kudondoshea kamuy, miungu na roho, wakati wa sala. Yaani neno lililokuja na biashara ya vyombo liliingia mpaka katikati ya ibada na kikawa kitu ambacho Mjapani hana. Kikombe cha ibada hiyo, tuki, nacho jina lake limetoka kwa Wajapani, na pombe yenyewe inaitwa tonoto, ambapo tono ni bwana kwa Kijapani na to ni maziwa kwa Kiainu, maziwa ya bwana. Mtu akiniambia hiyo ni lugha iliyopoteza nafsi yake namwambia hapana, hiyo ni lugha iliyomchukua mgeni ikampa kazi. (Kamuy na kami ya Kijapani zinafanana, ndiyo, na wataalamu wanabishana nani alimkopa nani. Msituandikie kuhusu hilo, tunalijua.)

Kuna tampaku. Wareno waliisambaza tumbaku na jina lake, Wajapani wakaita tabako, Waainu wakapokea kwa Wajapani wakasema tampaku. Hiyo m imetoka wapi? Angalia pia kosode, aina ya kanzu ya Kijapani, Waainu wanasema kosonte. Penye b au d katikati ya neno panatokea mp au nt. Kiainu hakitofautishi p na b wala t na d, na Kijapani cha kaskazini kilikuwa kinatamka b na d za katikati kwa kupitishia puani kidogo, sikio la Mwainu likasikia pua likaiandikia m na n zake. Sisi tumbaku yetu ina mb pia ila yetu ilipita njia nyingine, kwa Wahindi. Mzizi mmoja wa Wareno, safari mbili, na zote zikashika pua njiani.

Mikopo ilikwenda na upande wa pili pia, ila kidogo na ya aina yake. Kijapani kilichukua rakko, fisi maji wa baharini ambaye ngozi yake iliuzwa kwa bei kubwa, na tonakai, yule kulungu wa nchi za baridi anayevuta sleji, ambaye kwa Kiainu ni tunakay, na shishamo, samaki mdogo wa Hokkaido ambaye kwa Kiainu ni susam na wanalieleza jina kama jani la mwerebi. Wanyama, ngozi, samaki. Ukiangalia nani alimkopesha nani nini unaiona biashara yote: huku vyombo, pombe, tumbaku, nguo na bwana, kule ngozi na samaki. Huhitaji kitabu cha historia.

Kaskazini kulikuwa na soko lingine. Sakhalin Waainu walikaa na Wanivkhi na Wauilta wafugaji wa kulungu, na kabla yao pwani ya kaskazini mwa Hokkaido ilikaliwa na watu wa utamaduni wa Okhotsk, wavuvi na wawindaji wa baharini ambao mwishowe walimezwa. Kuril walikutana na Warusi, wakabatizwa Waorthodoksi, wakapewa majina ya Kirusi, na jina lenyewe Kuril linaaminika limetokana na kur, mtu, kwa Kiainu. Kwa hiyo unaponiandikia Kiainu bila kusema cha wapi unanipa kazi. Kiainu cha Sakhalin kina irabu ndefu, cha Hokkaido hakina, kina kidatu cha sauti badala yake. Mkono Hokkaido ni tek, Sakhalin teh. Samaki Hokkaido ni cep, Sakhalin ceh. Konsonanti za mwisho zilichakaa zikawa pumzi tu. Ni kwa kupanga tofauti kama hizi pamoja ndipo mtaalamu wa lugha Alexander Vovin mwaka 1993 aliweza kutoa pendekezo la Kiainu cha awali kilivyokuwa kabla hakijagawanyika, kazi ambayo unaweza kubishana nayo ila inabidi kwanza uwe na lahaja zote tatu mezani.

Hata ndani ya kijiji kimoja lugha ilikuwa na tabaka. Yukar, tenzi zao ndefu za mashujaa na miungu, zinatumia lugha ya kale kuliko mazungumzo. Kwenye mazungumzo ya Hokkaido mimi ni ku, kwenye yukar mwimbaji anasimulia kwa nafsi ya kwanza lakini anatumia a- au -an. Na maneno ya yukar yanabanana, kitenzi kinameza nomino na kila kitu mpaka kinakuwa sentensi. Mtu aliyelelewa na tenzi za Lamu ataelewa, hatuongei sokoni kama tunavyoghani.

Sasa basi, kama kukopa siyo ugonjwa, nini kiliangusha? Hapa nitakwenda polepole maana ndiyo kazi yangu ya kila siku, sheria na taratibu za lugha, na ndipo watu wanaruka.

Kwanza, na hili huwa linawashangaza wengi, kwa muda mrefu Waainu walikatazwa kujifunza Kijapani. Ukoo wa Matsumae, watawala Wajapani wa kusini mwa Hokkaido, uliopewa mamlaka ya biashara ya Waainu mwaka 1604, ulitaka kila mazungumzo yapite kwa wakalimani wake. Asiyejua lugha yako hawezi kuuliza bei kwa mwingine. Vituo vya biashara vikaja kukodishwa kwa wafanyabiashara, na Waainu wakageuka vibarua kwenye uvuvi wa pwani yao wenyewe. Moja ya kamusi za mwanzo za Kiainu, mwishoni mwa karne ya 18, ni ya Uehara Kumajirō, naye alikuwa mkalimani, na kabla yake padri Mjesuiti Girolamo de Angelis aliyefika Matsumae mwaka 1618 alikusanya orodha ya maneno. Mikopo niliyoieleza hapo juu mingi iliingia wakati huo au kabla, na watoto wakaendelea kulelewa kwa Kiainu. Karne baada ya karne. Mnaona sasa? Lugha ilikuwa imejaa maneno ya Kijapani na ilikuwa nzima.

Mwaka 1799 serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, ikiwaogopa Warusi, ilichukua utawala wa upande wa mashariki, na msimamo ukageuka, sasa Waainu wanahimizwa wajifunze Kijapani na wavae Kijapani. Mwaka 1869 kisiwa kikaitwa Hokkaido na kikafunguliwa kwa walowezi. Mwaka 1871 likatoka agizo: wanawake wasichanje tena mdomo, wanaume wasivae hereni, nyumba ya marehemu isichomwe, na watu wajifunze lugha na herufi za Kijapani. Mwaka 1876 mishale ya sumu ikapigwa marufuku, na uvuvi wa samoni mitoni nao ukafungwa hatua kwa hatua. Kumbuka cep, samaki. Wenyewe wanalifumua neno hilo kuwa ci-e-p, kitu tunachokula. Ukimkataza mtu kuvua cep hujamkopesha neno, umemwachia neno limebaki halina kitu.

Halafu sheria ya mwaka 1899, ile ya kile walichokiita ulinzi wa wenyeji wa zamani wa Hokkaido. Hii naieleza kwa kirefu kwa sababu naulizwa sana. Kaya iliweza kuomba ardhi mpaka tsubo 15,000, karibu hekta 5, kwa ajili ya kilimo. Ardhi hiyo haikuweza kuuzwa, iliweza kurithiwa tu. Na kipande ambacho hakijalimwa ndani ya miaka 15 kilirudishwa serikalini. Soma tena sharti hilo la mwisho ukikumbuka kwamba wanaopewa walikuwa wavuvi na wawindaji, na kwamba ardhi nzuri ilishagawiwa walowezi. Adhabu ya kuendelea kuwa mvuvi ilikuwa ni kunyang'anywa shamba. Kufuatia sheria hiyo zikaja shule za watoto wa Kiainu, kanuni zake ni za mwaka 1901, shule za pekee, masomo mafupi kuliko ya watoto wa Kijapani, na kila kitu kwa Kijapani. Shule hizo za kutengwa ziliondolewa na marekebisho ya 1937. Sheria yenyewe ilikaa mpaka 1997. Siyo 1897, tisini na saba juzijuzi tu.

Kuna na kuhamishwa. Mwaka 1875 Japani na Urusi walibadilishana Sakhalin na Kuril, na Waainu 841 wa Sakhalin wakapelekwa Hokkaido, mwishowe Tsuishikari karibu na Sapporo, ambako kipindupindu na ndui viliua wengi. Mwaka 1884 Waainu 97 wa Kuril ya kaskazini wakatolewa wakapelekwa Shikotan, wakakonda wakaisha, na Kiainu cha Kuril kikaisha nao. Mtafiti Torii Ryūzō aliwakuta huko mwaka 1899. Baada ya 1945 Waainu wa Sakhalin waliobaki karibu wote wakahamia Hokkaido, na msemaji wa mwisho anayejulikana wa lahaja hiyo, Asai Take, alifariki 1994. Hakuna hata mmoja kati ya watu hao ambaye lugha yake ilikufa kwa sababu alisema tampaku.

Kilichokata ni wazazi kuacha kuwasemesha watoto. Wanaacha kwa sababu mtoto anachekwa shuleni, hapati kazi, haolewi, na mzazi mwenye akili timamu anafanya hesabu. Tusiwalaumu. Mimi binafsi bibi yangu upande wa mama alifanya hesabu hiyohiyo na lugha yake, na mimi leo ni mtaalamu wa lugha ambaye lugha ya bibi yake anaijua kwa salamu tu.

Wapo walioandika kabla giza halijaingia. Bronisław Piłsudski, Mpolandi aliyefungwa Sakhalin kwa njama dhidi ya mfalme wa Urusi, alirekodi sauti za Waainu kwenye silinda za nta mwaka 1902 na 1903. Chiri Yukie, binti wa Kiainu, alitafsiri nyimbo za miungu alizozisikia kwa bibi yake, akafariki mwaka 1922 akiwa na miaka 19, kitabu kikatoka mwaka uliofuata. Mdogo wake, Chiri Mashiho, akawa mtaalamu wa lugha na akaishambulia kamusi ya mmisionari John Batchelor bila huruma kabisa, kwa sababu ilikuwa na makosa, na hapo tunaona kwamba hata nia njema inatakiwa ipimwe. Kayano Shigeru wa Nibutani, kijiji cha Hokkaido, alianzisha darasa la Kiainu mwaka 1983, akaingia bungeni 1994, Mwainu wa kwanza, na akasema Kiainu humo ndani.

Mwaka 2019 sheria mpya ikawatambua Waainu kuwa wenyeji wa asili. Mnauliza sana kuhusu adhabu, haya: kifungu cha 4 kinakataza ubaguzi, na hakuna adhabu iliyoambatanishwa nacho. Sheria hiyo pia inalegeza taratibu za vibali vya kuvua samoni mitoni kwa ajili ya mila na kuchukua mazao ya misitu ya serikali. Kulegeza utaratibu wa kibali siyo kupewa haki, ni vitu viwili tofauti kisheria, na zaidi ya hapo nimeshasema hatuendi. Julai 2020 kikafunguliwa kituo cha Upopoy huko Shiraoi, neno lenye maana ya kuimba pamoja kundi kubwa, na makumbusho yake yanaweka Kiainu kama lugha ya kwanza kwenye maandishi ya ukutani. UNESCO inakiweka Kiainu kwenye hatari kubwa kabisa, daraja moja tu kabla ya kutoweka. Haijakitangaza kimekufa. Naomba mliotuandikia "lugha iliyokufa" mrekebishe posti zenu.

Kuhusu maandishi, Kiainu kinaandikwa kwa herufi za Kirumi na kwa katakana (herufi za Kijapani za silabi), ila katakana ya kawaida haina namna ya kuandika konsonanti ya mwisho peke yake, ndiyo maana zimewekwa herufi ndogo maalum 16, zimo kwenye Yunikodi, mfumo wa herufi za kompyuta na simu, tangu 2002. Simu yako ikionyesha viboksi vitupu kwenye bango letu tatizo ni fonti, siyo sisi.

Mwisho ni utaratibu, tafadhali msome. Mwenye marekebisho ya bango ajaze fomu ya marekebisho, dai moja fomu moja. Sehemu A ni neno lenyewe, kwa herufi za Kirumi. Sehemu B ni lahaja, Hokkaido, Sakhalin au Kuril, na kama ni Hokkaido basi na eneo lake. Sehemu C ni mahali ulipolipata, kamusi gani au rekodi gani, ukurasa au dakika. "Nimeona vidio" haikubaliki. Sehemu D ni kwa madai ya mkopo tu, hapo unaeleza sauti kwa sauti, na unataja angalau neno lingine moja lenye badiliko hilohilo. Tunajibu ndani ya siku 14 za kazi. Fomu isiyo na sehemu B inarudishwa bila kusomwa, ikirudi mara ya tatu hivyo hivyo mwombaji anasubiri miezi 6.

Rekodi za sauti zina fomu yake na hati ya makubaliano unayosaini kila ukurasa. Huruhusiwi kukata klipu, kubadili kasi, kuweka muziki chini yake, wala kuipandisha popote. Kuna mtu tulimfungia miezi 12 kwa kuchukua sala ya bibi mmoja akaifanya mlio wa simu. Alijitetea kwamba anaitangaza lugha. Yule bibi alikuwa anaongea na moto wake jikoni, haitangazwi hivyo.

Fomu zinapokelewa Jumatatu hadi Alhamisi. Na yule ndugu wa ine na nne, yako imefika, ahsante, ila kwenye sehemu B umeandika "zote". Imerudishwa.